Fundi Friji Aliyelia Kazini

Mtaani walimwita Barafu. Jina lilianza kwa sababu ya kazi. Alitengeneza friji na viyoyozi, na karakana yake ilijaa milango ya friji iliyoegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri zamu. Baadaye jina likapata maana ya pili, ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia usoni. Siku walipomzika binti yake mdogo, Barafu ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyeelekeza magari pa kuegesha, ndiye aliyehakikisha kila mgeni amepata maji ya kunywa. Chozi halikumtoka. Watu walirudi makwao wakinong'ona kwamba bwana yule ana moyo wa jiwe. Waliotaka kumtetea walisema labda analia akiwa peke yake.

Hakulia hata akiwa peke yake.

Mtoto waliyemzika aliitwa Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Alipokuwa hai, watu waliwaita wazazi wake Baba Kidoti na Mama Kidoti. Baada ya msiba ndimi zikawa nzito. Utamwitaje mtu kwa jina la mtoto aliyefariki, kila anapokuja dukani kununua sabuni? Basi baba akabaki Barafu, na mama, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, akabaki Mwalimu. Hata wenyewe kwa wenyewe, ndani ya nyumba, majina yaliwaponyoka. Wakawa wanaitana "wewe", au wanaanza tu kuongea bila kuitana.

Hawakugombana. Waliishi kama wapangaji wawili wenye adabu. Kila mmoja alijua mwenzake anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi, na hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Siku moja Barafu aliitwa kwenye taasisi moja iliyokuwa jirani na hospitali kuu. Ilikuwa kwenye jengo la ghorofa moja lenye bustani mbele. Haikuwa ya hospitali, wala ya serikali, wala ya kampuni ya dawa, na waliofanya kazi mle walijivunia jambo hilo. Walichunguza mambo ambayo hospitali haina nafasi ya kuyakalia: nani aulizwe kabla mgonjwa hajapasuliwa, asiyeweza kusema asemewe na nani, daktari amwambieje mzazi kwamba mashine inayompumulia mwanawe haisaidii tena. Barafu hakuwa na habari na hayo. Yeye aliitwa kwa sababu kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kinawadondoshea wageni maji vichwani.

Alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, alipoingia mtafiti mmoja, dada mwembamba mwenye miwani, anayetembea upesi kama anayefukuzwa.

"Fundi, shuka kidogo unisaidie."

"Kimezima kingine?"

"Hapana. Nataka uwe baba wa mtu kwa muda mfupi."

Barafu alitoa bisibisi mdomoni, akacheka. Mtafiti hakucheka. Alimpeleka kwenye chumba cha pili, ambako palikuwa na kitanda cha hospitali, na juu yake mwanasesere mkubwa wa plastiki aliyefunikwa shuka mpaka kifuani. Kulikuwa na viti viwili. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo, na nyuma ya kioo kulikuwa na kamera na watu wenye karatasi. Mtafiti akamweleza. Madaktari wachanga huja pale kujizoeza kuwapa wazazi habari mbaya, na wao watafiti huangalia ni maneno gani yanaumiza bure na yapi yanamshika mtu mkono. Mwigizaji anayecheza baba ameamka na homa, na daktari wa leo ameshafika.

"Mimi sijui kuigiza," Barafu alisema.

"Ndiyo maana nakutaka. Wanaojua wanapiga makelele mno. Wewe kaa tu. Atakwambia mwanao hatapona, nawe ujibu unavyojisikia."

Barafu angeweza kusema hapana. Alikuwa na kazi juu ya ngazi, na mtu mwingine angepatikana. Lakini alikaa. Daktari akaingia, kijana mwenye jasho juu ya mdomo, akavuta kiti, akasema aliyofundishwa kusema. Mashine. Ubongo. Tumejitahidi. Barafu alimtazama yule mwanasesere, na kitu kilichokuwa kimekaza kifuani kwake tangu zamani kikalegea chenyewe.

"Msimfunike uso," alisema. "Hapendi giza."

Kisha akalia. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, mabega yakipanda na kushuka. Daktari mchanga alisahau sentensi iliyofuata, naye akaanza kufuta macho. Nyuma ya kioo watu wakaacha kuandika.

Baadaye, akimpa maji, mtafiti alimuuliza, "Maneno yale umeyatoa wapi, fundi?"

"Yamekuja tu."

Hayakuja tu. Yalikuwa maneno ya mke wake. Mwalimu ndiye aliyeyasema kwenye wodi ya watoto mahututi, neno kwa neno, siku homa ya uti wa mgongo ilipomchukua Kidoti.

Mtafiti alimwomba arudi, naye akarudi. Akatia saini kwamba amekubali kurekodiwa na kwamba picha zake zitumike kufundishia. Nyumbani alisema amepata mkataba wa viyoyozi. Madaktari walianza kuja kutoka hospitali za mbali ili wakae mbele ya baba yule, na kila alipocheza aliongeza kidogo. Mara alimpapasa mwanasesere paji la uso. Mara akamshika mkono akausogeza shavuni. Ikafika mahali, kila mara daktari alipoeleza kwamba sasa mashine itazimwa, yeye alijibu kwa sauti iliyotulia, "Zima, daktari. Nipo hapa, nimemshika."

Na jambo la aibu kuliko yote, ambalo hakuweza kulisema hata moyoni mwake, ni kwamba alianza kuipenda ile kazi. Alipiga pasi shati. Alitoka pale akijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Watafiti walimwita mzee wetu, wakampa chai kwenye kikombe cha udongo, si cha plastiki, na alipopita kwenye korido madaktari walimpisha njia. Nyumbani akaanza kupiga mluzi akioga.

"Huko kwenye viyoyozi kuna mtu?" Mwalimu alimuuliza asubuhi moja, akifunga mkoba.

"Kuna baridi tu," alijibu, na wote wawili wakatabasamu kidogo, jambo ambalo lilikuwa limepotea mle ndani. Mwalimu akaondoka akifikiri kwamba pengine mume wake ameanza kupona.

Taasisi ikaandaa semina kwa walimu wa shule, namna ya kuongea na mtoto aliyefiwa au anayeuguliwa. Mwalimu mkuu akamteua Mwalimu aende. Alimwambia mume wake kwamba Alhamisi ana semina, naye akasema sawa. Hakuuliza semina ya nini, wala inafanyika wapi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaombwa na mtafiti aje siku hiyohiyo, acheze mbele ya watu badala ya nyuma ya kioo.

Kitanda kilisogezwa ukumbini, chini ya kiyoyozi kilekile alichokitengeneza. Barafu aliingia kichwa chini, kama alivyozoea, akakaa. Daktari aliyekuwa akicheza naye akaanza. Yeye akajibu, akalia, akainua uso apate pumzi. Ndipo alipomwona mke wake. Alikuwa safu ya tatu, upande wa dirisha, mkoba ameukumbatia mapajani kwa mikono miwili.

Angeweza kuacha. Angesema anaumwa tumbo, angetoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kuacha kungetaka maelezo, na maelezo yalimtisha kuliko kuendelea. Akaendelea. Akamwambia daktari wasimfunike mtoto uso, hapendi giza. Akamshika mwanasesere mkono. Akasema, "Zima, daktari. Nipo hapa, nimemshika." Aliyasema yote hayo mke wake akimtazama, na sauti haikumkatika hata kidogo.

Walimu walikuwa wakipenga mafua ukumbi mzima. Mtafiti akasimama, akaeleza utaratibu: sasa mnaweza kumuuliza baba maswali, naye atajibu kama baba. Mtu mmoja akauliza kama daktari alimharakisha. Mwingine akauliza kama angependa kiongozi wa dini awepo. Barafu alijibu vizuri.

Kisha Mwalimu akasimama.

"Baba, pole sana kwa msiba." Ilikuwa sauti yake ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma bila kupandishwa. "Nina swali dogo tu. Wakati mashine inazimwa, wewe ulikuwa wapi?"

Mtafiti akatabasamu kumsaidia. "Kama tulivyoona, baba alikuwa hapohapo kitandani, ameshika..."

"Namuuliza yeye."

Barafu alitazama viatu vyake. Aliona uzi umechomoza kwenye kisigino.

"Nilikuwa nje," akajibu.

Mtafiti akaanza kupekua karatasi zake.

"Nje wapi?"

"Nje ya hospitali. Kwenye maegesho."

"Ukifanya nini?"

"Nahamisha pikipiki."

Mtu wa nyuma aliangua kicheko, kile cha kushtukizwa, akajiziba mdomo.

"Ilikuwa imezuia gari?"

"Haikuwa imezuia kitu."

"Na mama wa mtoto, alikuwa na nani mle ndani?"

"Peke yake."

"Asante," Mwalimu akasema. "Sina swali lingine." Akakaa.

Ndipo watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine walisimama kabisa, na mama mmoja aliyekuwa mbele alimgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu bwana kazaliwa nacho hiki kipaji." Barafu alikaa pale kitini, makofi yakimwangukia, mkono wake bado umeushika ule wa plastiki. Hakujua auachie vipi bila watu kuona.

Ukweli ulikuwa ndio huo aliomjibu mke wake. Siku ile, daktari alipowaita wote wawili, Barafu alisema, "Ngoja nikaiweke pikipiki vizuri," akatoka. Aliisogeza hatua chache, akairudisha, akaisogeza tena. Alipopanda juu, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Maneno ya mke wake aliyasikia kwa muuguzi, kwenye korido, muuguzi akiwa amejifuta macho kwa mkono wa sare. Mwalimu hakuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Yeye hakuwahi kusema.

Wakati wa chai Mwalimu alichukua mkoba wake akaondoka. Mtafiti alimfuata Barafu kwenye korido.

"Mzee wetu, yale majibu hatukukubaliana. Unamfahamu yule mama?"

"Ni mke wangu."

Mtafiti aliweka kiganja ukutani. "Na mtoto?"

"Mtoto alikuwa wetu. Maneno yale ni ya mama yake."

Alifika nyumbani akamkuta Mwalimu mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu inakwenda kama kawaida. Barafu alisimama mlangoni. Njiani alikuwa amepanga maneno, lakini pale yote yalionekana kama ya mchezoni.

"Nisamehe," alisema.

"Umefanya mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na mara zote ulimshika mkono?"

"Ndiyo."

"Ukoje, mkono wake?"

Hakuelewa mwanzoni. Kisha akaelewa. "Wa plastiki. Wa baridi."

"Wa Kidoti ulikuwa wa moto," Mwalimu alisema. "Mashine imezimwa na mkono bado wa moto. Hakuna aliyeniambia utakuwa wa moto. Nikawa nawabishia, nawaambia mbona ana joto, na wewe hupo wa kuniambia kitu." Akafunga daftari, akachukua jingine. "Pale ulikuwa unalia vizuri sana. Mimi mwenyewe nilitaka kukupigia makofi."

Uso ulimchoma Barafu mpaka masikioni. Alitaka kupiga magoti, lakini hata kupiga magoti aliona kungekuwa ni kuigiza. Akaenda kukaa kwenye kiti cha jikoni, akakaa hivyo mpaka Mwalimu alipomaliza madaftari na kupita nyuma yake bila kumgusa.

Taasisi haikunyamaza. Mkurugenzi, mama mtu mzima mwenye mvi alizozisuka vizuri, alimpigia Mwalimu simu kuuliza kama anaweza kwenda kumwona. Mwalimu akasema atakuja mwenyewe, na mume wake aje pia. Walikaa ofisini, watu wanne, mtafiti akiwa pembeni, miwani ameivua na hataki kuivaa.

"Mwalimu," mkurugenzi alisema, "kazi yetu sisi ni kwenda hospitali na kuuliza: mliwauliza wenyewe? Tunawasumbua watu kwa swali hilo. Tulimuuliza mume wako kama amekubali. Hatukuuliza anayoyasema ni ya nani. Nimeona haya mpaka kuja kazini. Sina la kujitetea."

"Mnazo picha?"

"Tunazo, zote. Ukisema zifutwe, zitafutwa leo."

"Nataka kuziona kwanza."

Wakamweka chumba cha nyuma ya kioo, yeye na kompyuta, mtafiti akisubiri mlangoni endapo angehitaji kitu. Barafu alibaki koridoni kwenye benchi. Watu waliokuwa hawajasikia habari walipita wakimsalimu kwa furaha. "Mzee wetu, shikamoo! Leo utatutoa machozi tena?" Mlinzi akamuuliza kama kiyoyozi kimeharibika. Kila aliyepita alimwongezea mzigo bila kujua, naye aliitikia marahaba, marahaba, macho sakafuni. Kupitia mlango alisikia sauti yake mwenyewe, ndogo, ikitoka kwenye spika: nipo hapa, nimemshika. Kisha tena, siku nyingine, shati jingine: nipo hapa, nimemshika.

Mwalimu alitoka uso mkavu.

"Futeni zote."

Mtafiti akamwita kwa upole, "Mwalimu, nakuelewa. Ila kuna madaktari waliobadilika kabisa kwa sababu ya..."

"Amesema zote," mkurugenzi, aliyekuwa amewafuata, akamkatiza.

"Ningependa kuwaambia nimewafikiria hao madaktari," Mwalimu akasema. "Sikuwafikiria."

Zikafutwa, na yeye akiwa amesimama pale. Mtafiti alipoteza sehemu kubwa ya kazi yake na ikabidi aanze upya na watu wengine. Siku hizi, kabla mtu hajakaa kwenye kile kiti, anaulizwa kama kisa anachokileta kina mwenyewe mwingine, na huyo mwingine anatafutwa. Barafu aliambiwa kwa heshima kwamba hatarudi kucheza. Kiyoyozi kikiharibika wanaita fundi mwingine, na yeye hajawahi kuuliza kwa nini.

Ila mji ni mdogo kwa mtu mwenye aibu. Mara akiwa sokoni, mara benki, mwalimu mmojawapo wa semina ile humtambua. "Wewe si yule baba wa pikipiki? Aisee, ulitutoa machozi!" Naye husema asante, kwa sababu hakuna neno jingine la kusema, na huondoka bila alichokijia.

Wiki kadhaa zilipita hivyo. Jumamosi moja mchana, jua limeingia mpaka katikati ya sebule, Mwalimu alimwita atoke chumbani.

"Baba Kidoti. Njoo ukae hapa."

Jina lile lilimsimamisha. Alikuja akakaa.

"Nataka nikuhadithie ilivyokuwa," Mwalimu alisema. "Yote. Umeicheza huko kwa watu bila kuijua, sasa uijue."

Akaanza tangu mwanzo, alivyokaa, kitanda kilivyotazama dirisha, muuguzi alivyompa kiti kibovu akakibadilisha. Alipofika pale daktari anaingia na kufunga mlango, Barafu alijikuta ameinuka, hata hakujua anakwenda wapi.

"Kaa," Mwalimu akasema, bila ukali.

Akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti yake.

"Daktari anaongea, mimi simsikilizi, kwa sababu soksi moja ya Kidoti ilikuwa imepotea. Mguu mmoja una soksi, mmoja hauna. Nikawa nimeinama chini ya kitanda naitafuta. Yule daktari anayasema yale maneno yote, anamwambia mgongo wangu."

Machozi yalimkaribia Barafu, lakini aliyaogopa, maana hakujua tena ni yapi ya kweli na yapi aliyoyazoesha. Akayameza.

"Uliipata?" aliuliza.

"Soksi? Hapana. Nilimvua na ile nyingine, ili miguu ilingane."

"Endelea," alisema.

Mwalimu akaendelea.